Niligonga Diski kwa Spana

Hakuna kitu duniani ambacho kingenishangaza tena. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu pale Emali, na sikuwa natania. Shule niliacha darasa la nne. Nilisukuma mkokoteni wa maji, nikawa taniboi, utingo wa lori, nikawa dereva, na miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea kwisha nilikuwa na malori matatu na duka la mabati na simiti. Injini ikikohoa tu, mimi nimeshajua ugonjwa wake.

Kompyuta niliinunua kwa ofisi moja ya Nairobi iliyokuwa inafungwa. Ilikuwa sanduku kubwa la kuhifadhia kumbukumbu, na ndani yake diski mbili. Binti yangu, aliyesomea mambo hayo, alinieleza kwamba kinachoandikwa kwa hii kinaandikwa pia kwa ile, ili moja ikifa nyingine ibaki nacho.

Nikamwambia, "Basi hizo ni tairi za nyuma za lori. Moja ikipata pancha, ya pili inabeba mzigo."

Akacheka, akasema nimeelewa haraka kuliko yeye. Niliiweka sebuleni, mke wangu akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, na wageni waliambiwa bei yake kabla ya kupewa chai.

Humo ndimo tulimoweka sauti ya mama. Mwaitu, ndivyo tulivyomwita kwa Kikamba chetu, alizaa watoto kumi. Sita aliwazika wakiwa wachanga kwenye shamba letu la Kilungu, lililokatwa matuta mlimani, bila msalaba, bila jiwe. Tulibaki wavulana wanne. Alipoona hatapona, aliomba redio ya kanda, akataja makaburi yote, moja baada ya jingine: huyu tuta la ngapi, hatua ngapi kutoka mti gani. "Ili mkigawana shamba," alisema, "msije mkachimba choo juu ya ndugu zenu."

Nilisikiliza mara moja tu, tulipokwisha kumzika. Ya pili sikuweza. Binti yangu aliingiza sauti ile kwenye kompyuta, na kanda yenyewe niliisahau juu ya dashibodi ya lori, jua la Makindu likaikunja.

Wiki moja kabla ya kugawana shamba, sanduku likaanza: kra, kra, kra. Nikampigia binti simu Nairobi.

"Diski moja inakufa, baba. Nakuja Jumamosi na mpya. Usiguse kitu."

"Wewe utanifundisha mimi mashine?"

"Baba, nakuomba. Usiguse."

Niligusa. Kila dereva wa lori anajua kwamba tairi mbili zikikaa pamoja, macho hayatakuonyesha ile iliyoishiwa upepo, kwa kuwa nyingine imeishikilia. Unachukua spana ya magurudumu, unagonga hii, unagonga ile, unasikiliza. Nilitaka binti akifika akute nimeshamjua mgonjwa. Nikafungua sanduku likiwa linafanya kazi, nikagonga ya kwanza. Kra. Nikagonga ya pili, ile iliyokuwa imetulia. Ikalia kama kisu juu ya sahani ya bati, halafu ikanyamaza.

Jumamosi binti aliinama juu ya sanduku muda mrefu.

"Uligonga ipi, baba?"

"Zote mbili."

"Hii ndiyo iliyokuwa nzima."

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Akaifunga ile diski mpya, akaanza kuivuta sauti kutoka kwa ile mgonjwa. Ilikuwa ikienda dakika chache, inakwama. Anaizima, anaiacha ipoe, anaiwasha tena. Mchana kutwa. Saa kumi ikakata roho. Tukakaa kusikiliza tulichopata. Mama alitaja wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha akasema, "Wa tano yuko upande wa chini, karibu na..." Basi.

"Karibu na nini, baba? Wewe ulisikia."

Mimi ninayekumbuka namba ya kila lori nililowahi kuendesha, sikukumbuka. Wala wa tano, wala wa sita; nilijua tu kwamba wote wawili wako upande ule wa chini.

Kilungu niliwaambia ndugu zangu nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Upande wa chini ulikuwa fungu la mdogo wetu wa mwisho, na miche yake ya machungwa ilikuwa tayari. Aliniangalia.

"Si wewe ni fundi wa kila kitu? Gonga ardhi na hiyo spana yako, tusikie wamelala wapi."

Hakuna ambaye angechimba pale, na haikuwa haki mdogo wetu akose fungu lake kwa ajili ya mkono wangu. Nikauza lori moja, nikanunua kwake upande wote wa chini, matuta matatu. Haulimwi, wala mbuzi hafungwi pale. Ukihesabu diski mpya, mpimaji wa ardhi na shamba lenyewe, nililipa shilingi laki moja, elfu themanini na sita, mia tano na hamsini.