Mwavuli Wenye Baruti

Siku ile ya kule kwetu Makurunge naikumbuka kwa harufu yake kwanza, mwanangu: petroli iliyochanganyika na ufuta mbichi uliokatwa. Hata leo nikipita kituo cha mafuta pale Kerege huziba pua kwa ncha ya mtandio, na wajukuu zangu hudhani ni madaha ya uzee. Waache wadhani. Wewe nitakueleza, maana umeanza kazi katikati ya watu wenye sauti kubwa kuliko yako, na mahali hapo mimi nimewahi kusimama.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Tulikuwa tukikata ufuta katika shamba la marehemu baba, mimi, shangazi yangu Bi Tatu, na majirani waliokuja kutushika mkono. Kaka yangu Shomari, fundi wa kuchomelea vyuma huko Kerege, naye alikuwa nyumbani siku hiyo, amekuja na vifaa vyake kutengeneza mlango wa ghala. Kaka huyo alijaaliwa mikono ya kazi. Masikio, Mungu anisamehe, alikuwa nayo ya kutundikia kofia. Ukimwambia jambo, alikuwa keshaanza kulifanya kwa namna yake.

Kwenye saa nne asubuhi ikapita ndege ndogo. Wiki nzima ilikuwa ikizunguka kupiga picha mashamba, tukaizoea kama mtu anavyozoea kunguru. Ila safari hii mngurumo wake ulikohoa mara mbili, kisha ukakatika. Sijapata kusikia kimya kama kile. Ilipita juu ya vichwa vyetu, chini kiasi cha kuona tope kwenye matairi, ikafyeka ufuta, ikagonga kichuguu, bawa moja likang'oka, ikajipinda na kulala upande.

Tulisimama kama tuliopigwa na radi. Halafu tukakimbilia kule.

Ndani alikuwemo rubani peke yake, mtu wa makamo, damu inamchuruzika kwenye paji la uso, miguu imebanwa na vyuma vya mbele. Mlango ulikuwa umekunjamana, haufunguki. Petroli ilikuwa ikidondoka ardhini, tunaisikia. Shomari akasema moto ukishika tutamzika mtu mkaa, kwa hiyo atolewe sasa hivi. Hapo alikuwa na haki, mwanangu, wala nisikudanganye. Akamtuma mmoja akasimamishe lori barabarani, mwenyewe akarudi ghalani mbio kuchukua msumeno wa chuma na mtaimbo.

Mimi nilikuwa mwembamba, si kama unionavyo leo. Nikapenyeza kichwa na mkono kwenye dirisha lililovunjika, nikamshika rubani kiganja ili asipotelewe na fahamu. Na unajua nilimwambia nini? Nilimwambia shikamoo. Malezi ni kitu cha ajabu, hutangulia hata akili. Naye, katika maumivu yale, akaitikia marahaba. Kisha akasema polepole, neno baada ya neno:

"Binti, waambie wasivunje dari. Nyuma yangu kuna mwavuli. Una baruti."

Nilisikia. Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Sikusikia nusu, sikusikia vibaya. Nilisikia lote.

Lakini akilini mwangu mwavuli ulikuwa ule wa kujikinga mvua, na mwavuli wenye baruti nikauona ni maneno ya mtu aliyepigwa kichwa. Shomari alikuwa amerudi, amepanda juu ya ubavu wa ndege, anatafuta pa kuingiza mtaimbo. Nikatoa kichwa nikamwambia, "Kaka, anasema msivunje dari, kuna mwavuli huko nyuma."

Wanaume waliokuwepo wakacheka. Si kwa ubaya, hofu nayo ina kicheko chake. Mmoja akauliza kama mzee anaogopa mwavuli wake utaibwa, na jua lote hili. Shomari akaniambia nikae pembeni niwaache watu wafanye kazi. Uso ukaniwaka. Na lile neno la pili, baruti, lililokuwa limeshafika ulimini, nikalimeza. Niliona nikilisema watacheka zaidi.

Nikarudi dirishani. Rubani akaniuliza kwa macho. Nikamwambia nimewaambia.

Kwa hiyo, mwanangu, siku ile nilifanya makosa mawili, na la pili lilikuwa uongo kwa mtu aliyebanwa na vyuma.

Mtaimbo ukaingia kwenye ufa wa dari. Shomari akaegemeza kifua, akausukuma, bati likalia, mimi nikaona waya mwembamba uliopita juu ya kichwa cha rubani ukikazika kama kamba ya kuanikia nguo. Rubani akafumba macho na kuanza kutamka shahada.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wao walisema kwa mfano. Mimi niliusikia.

Kitu kilitoka nyuma ya ndege kikiwa na moto mkiani, kikampita kaka yangu kandoni mwa uso na kuruka juu ya shamba. Moshi ukatanda. Nilifungua mdomo, sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Moshi ulipopungua nikamwona Shomari chini, amejishika upande wa kushoto wa uso kwa mikono miwili, na damu inapita kati ya vidole. Na nyuma ya kile kilichoruka, kitambaa kilikuwa kikitoka ndani ya ndege, kinatoka na kuzidi kutoka, chekundu na cheupe, kipana kuliko paa la shule, kimefungwa kwa kamba nene kwenye mwili wa ndege.

Ndipo upepo wa kusi ukakiingia. Kikavimba. Ndege, na mtu ndani yake, ikaanza kuburutwa juu ya ufuta. Rubani akapiga kelele ambayo sitaieleza. Wanaume waliocheka walikuwa wameshafika kwenye mihogo ya jirani, wanakimbia bado, na siwalaumu.

Aliyesimama ni Bi Tatu. Shangazi yangu hakuwahi kupanda hata basi la kwenda Chalinze, lakini alijua kitambaa kikishika upepo kinafanywaje. Akafunga kanga kiunoni, akakimbilia ukingo wa kile kitambaa, akajitupa juu yake.

"Kikalieni," akasema. "Kikalieni wote."

Wanawake wakamfuata, na mimi nikazinduka nikawafuata. Tulikilalia, tukakikunja chini ya matumbo yetu, kinatuinua na kutubwaga, mpaka kikalegea na ndege ikatulia. Petroli haikushika moto. Kwa nini haikushika, muulize aliyetuumba. Lori lilipofika likauvuta mlango kwa kamba, rubani akachomolewa kupitia hapo, mlango uleule uliosemekana haufunguki, kwa dakika chache za subira.

Rubani alipona, ingawa miguu yake ilichukua muda mrefu. Tulipomtembelea hospitalini Bagamoyo alitueleza. Kuna ndege ndogo zinazobeba mwavuli mkubwa wa kuiteremsha ndege nzima, pamoja na walio ndani, injini ikifa angani. Rubani huvuta mpini ulioko darini, na kifyatuo cha baruti huurusha mwavuli nje. Yeye injini ilimzimikia akiwa chini mno, mwavuli usingewahi kufunguka, ndiyo maana hakuuvuta. Kwa hiyo baruti ilibaki ndani ikiwa hai, na waya wake ulipita darini. Kilichowekwa kimwokoe yeye kikamwangukia aliyekuja kumwokoa. Sisi tulizoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Shomari hakupona vile. Jicho la kushoto lilikwenda, na sikio la upande huo halijasikia adhana tangu siku ile.

Bi Tatu alinisubiri tuwe wawili peke yetu, katika ukumbi wa hospitali. Alikuwa ameshazungumza na rubani. Akaniuliza kama nilisikia neno baruti. Nikasema nilisikia. Akauliza kama nililisema. Nikaanza kulia, nikamwambia nilisema la mwavuli, wakanicheka. Hakunikemea kwa sauti. Alisema tu:

"Ulichagua lile la kuchekesha ukawapa, lile la kuua ukabaki nalo. Mwana Hawa, bora wangekucheka mpaka magharibi."

Ilinichukua wiki mbili kumwambia kaka yangu. Nilikaa upande wa sikio lake zima nikamweleza yote. Nilidhani atanifukuza. Mwishowe akasema, "Nami nisingesikiliza. Lakini ungenipiga na jembe mgongoni, ningegeuka."

Hajapata kulirudia. Majuto ni mjukuu, mwanangu, huja kinyume, na mimi mjukuu huyo nimemlea miaka yote hii.

Basi shika ninalokwambia. Mwenye chombo akikuambia usiguse, usiguse, hata kama maneno yake yanafanana na wazimu, maana yeye anajua kilichomo na wewe unaona bati tu. Ukipewa onyo ulifikishe, lifikishe lote. Wakicheka, rudia. Wakikuambia kaa pembeni, simama mbele ya mtaimbo. Kusema mara moja kwa sauti ndogo, kisha ukajiridhisha kwamba umesema, huko ni kunyamaza kwa namna nyingine. Na nawe siku utakayokuwa ndiwe mwenye mtaimbo, ukaja msichana na neno lisiloeleweka, shusha mikono umuulize: unasema nini, na nini kingine?

Mola akupe ulimi usioogopa kicheko na sikio lisilochagua msemaji. Akuepushe na majuto ya lile neno moja ambalo ungelisema, hukulisema. Na popote utakapopanda, juu au chini, akushushe salama kwa watu wako. Amina.