Bawa Alilolishona Yaya Régine

Wanaoicheka kampuni ya Gauthier husema ilikufa ingali mtoto. Haya, ilidumu miezi kumi na minne, ikafungwa kwa kukosa injini. Lakini mashine tatu zilitoka pale, zote tatu ziliruka, na hakuna aliyechubuka hata kidole. Wao wanaocheka wametengeneza nini? Mimi nilikuwapo, na bawa la kwanza lilishonwa na dada yangu.

Gauthier ni mchomeleaji, mtoto wa mtu wa reli. Aliunda kigari cha magurudumu matatu, viti viwili, injini na pangaboi nyuma. Juu yake bawa, yaani parashuti pana ya kitambaa chepesi, yenye vifuko vya kujaa upepo. Chuma alikijua, kitambaa hapana. Akaja kwa dada yangu mkubwa, yaya Régine kama tunavyomwita, mshonaji wa magauni ya harusi katika mtaa wa mji wetu uitwao Kenya. Yaya akautazama mchoro, akasema, "Hii iko robe tu, gauni, ila haina muntu ndani." Tukagawana kazi: yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia.

Sasa yaya ana mazoea yake. Kila gauni huliachia vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, maana bibi harusi hurudi amenenepa, anataka lipanuliwe. Mchoro ulisema kidole kimoja. Mimi nilifuata mchoro, yeye akafuata mkono wake, na upande wake ukatoka mdogo kuliko wangu. Bawa likiwa limekunjwa sakafuni, nani angeona?

Tulijaribu kwenye uwanja kando ya njia ya Mokambo. Papa Gérard, mwenye shamba kubwa na mteja wetu wa pekee, alikuja kutazama. Gauthier akapaa, tukapiga vigelegele. Mara mashine ikavuta kushoto, kushoto tena, mpaka ikatua katika mahindi ya watu, gurudumu limepinda. Gauthier alitoka mzima. Papa Gérard akasema, "Nitarudia siku ya posho. Kama ingali inavuta, miye basi." Siku ya posho ni Jumamosi, na bila yeye karakana ingefungwa kabla ya kuuza hata mashine moja.

Watu wakaanza kumsema Gauthier na uchomeleaji wake. Yaya akalipima bawa, akasema mbele ya wote, "Kosa ni yangu. Chuma yake iko muzuri." Nilimwonea uchungu, na nilijivuna kweli kuwa mdogo wake. Mafundi wangapi mjini hapa husema hivyo? Kuupanua mshono tu kungeacha matundu ya sindano ya kuvuja upepo, kwa hiyo akautenga upande wake kwa wembe, akakata kipya, akashona siku nne. Hakuniruhusu nimsaidie hata mshono mmoja.

Jumamosi Papa Gérard alipofika, Gauthier alikuwa ameshakaa mbele. Yaya akakaza kitenge chake, akapanda kiti cha nyuma.

"Yaya, shuka," Gauthier akamwambia.

"Ni miye nilishona. Twende."

Mimi nikabaki chini. Mashine ikakimbia, bawa likajaa, wakaenda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo za umeme, wakazunguka, wakatua palepale walipotokea.

Papa Gérard akampita Gauthier, akasimama mbele ya dada yangu. Mzee huyo, kwa kuogopa kwenda juu, hapandi hata ngazi ya kufagia paa lake.

"Mama, niingie?"

"Ingia, papa," yaya akamjibu, akashuka kumpisha.

Mzee akavua kofia, akanipa niishike, akapanda.