Mtori wa Mgonjwa

Nimewahi kula mtori wa mgonjwa nikiwa mzima wa afya, tena mnene kuliko nilivyokuwa mwaka uliotangulia. Nilikula nusu bakuli tu. Kila ninapotambulishwa mbele za watu kuwa nimesomea haki za binadamu ng'ambo, hulikumbuka bakuli lile na uso ukaniwaka.

Aliyeupika ni mama mmoja mjane wa Kimeru, mkulima wa kahawa na ndizi huko juu kwenye miteremko ya Meru, ambako hata jua likiwaka unatafuta sweta. Mumewe alipofariki, shemeji yake aliyang'oa masale ya mpakani, mimea ambayo kule inaheshimiwa kuliko nguzo ya zege, akayapanda upya ndani ya shamba la mjane. Mistari mitatu ya migomba ikawa ya shemeji huyo, pamoja na kahawa yote iliyokuwa kivulini mwa migomba hiyo. Kahawa ile ndiyo iliyokuwa ikimtunza yule mama.

Mimi ndiye niliyekuwa wakili wake. Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria pale Kimandolu, chini mjini, na shauri lake lilikuwa limeahirishwa kwenye baraza la ardhi hadi hata makarani wakamzoea. Safari ya mwisho mwenyekiti alisema wazi kwamba tarehe inayofuata ni ya kusikiliza, hataahirisha tena.

Wakati huohuo nilikuwa nimeomba nafasi ya miezi tisa katika chuo kikuu cha nje, nafasi maalumu kwa watu wanaofanya kazi za haki za binadamu. Niliitaka nafasi ile kupita kiasi, sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa nimechoka kuwa wakili wa vidumu vya maji na mipaka ya migomba. Barua pepe ya kuniita kwenye usaili ilipofika, niliisoma mara tatu kabla ya kutambua kwamba siku na saa ni zilezile za shauri la mama.

Ningeweza kuwaandikia kuomba siku nyingine. Baadaye, nilipofika chuoni, wenzangu wawili waliniambia waliomba kubadilishiwa na wakakubaliwa bila shida. Mimi sikuuliza. Niliogopa wataniona sina shida sana na nafasi yao, nikampigia mama simu badala yake.

"Mama, naumwa. Kesho usishuke mjini. Nitaandika barua barazani waahirishe."

"Unaumwa nini, mwanangu?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Tumbo," nikasema. Halafu nikaona tumbo ni dogo mno, nikaongeza, "Na presha."

"Pole sana. Presha si ya kuchezea. Lala, mwanangu. Shamba halikimbii."

Usaili niliufanyia Engutoto, nyumbani kwa rafiki yangu ambaye intaneti yake haikatiki. Nilivaa suti juu na kanga chini, maana kamera haioni miguu. Waliniuliza ni mtu gani anayenifanya niendelee na kazi hii, nami nikamtaja mjane wangu. Niliwaeleza masale, migomba, mikono yake iliyopasuka kwa kuchuma kahawa. Sauti ilinitetemeka, na sikuwa naigiza. Niliguswa kweli, na hilo ndilo linalonichukiza mpaka leo. Mama mmoja kwenye jopo alivua miwani akajifuta macho. Saa hiyohiyo, mjini, jina la mjane wangu lilikuwa likiitwa kwenye korido ya baraza na hakukuwa na wa kuitika.

Mwenyekiti aliisoma barua yangu, akauliza cheti cha daktari kiko wapi, hakikuwepo, akalifuta shauri.

Kulirudisha kuliwezekana, ila haraka, na kwa hati ya kiapo yenye kueleza kwa nini sikufika. Niliandika mstari wa kwanza kama ilivyo kawaida ya viapo, jina langu na dini yangu, nikakwama hapo. Nilijiambia kesho. Nikajiambia kesho mpaka muda ukapita, na barua ya kukubaliwa chuoni ikaingia. Mama alikuwa akinipigia, simu yangu inaita mezani nami naitazama tu hadi inyamaze. Kwenye taarifa ya makabidhiano niliandika: "Shauri limefutwa, hatua zinafuatiliwa." Zinafuatiliwa na nani, sikusema. Kiswahili cha ofisini kina huruma sana kwa wazembe.

Huko ng'ambo nilisifiwa. Nilitoa mada mbele ya darasa, nikaonyesha picha ya mama amesimama kando ya masale, picha niliyoipiga kwa ajili ya ushahidi. Mwanafunzi mmoja akauliza yule mama anaonaje mimi kuwa pale. Nikajibu kwamba anajivunia. Wakapiga makofi.

Niliporudi, nilikaa nyumbani Lemara wiki tatu nikijipa shughuli. Nilifua hata mapazia yaliyokuwa masafi. Mwishowe nilipanda juu, nimebeba boksi la chokoleti kama mtu anayekwenda kumtembelea mtoto.

Mama alikuwa anaanika kahawa. Nilipomwamkia "Shikamoo, mama," alinyanyua kichwa. Aliacha kahawa, akaja akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Umepona, mwanangu?"

Sikuelewa. Akaniingiza ndani, akanikalisha kwenye kiti chenye mto, akaanza kunieleza mwenyewe. Aliponikosa kwenye simu alishuka hadi ofisini, na mlinzi akamwambia wakili amekwenda nje. Basi akajumlisha. Nilikuwa na presha, kisha nimekwenda nje: nimepelekwa kwenye matibabu. Akalipeleka jina langu kanisani. Kila Jumapili, wakati wa kuwaombea wagonjwa, mchungaji alinitaja, na akina mama wa jumuiya yao walikuwa wakifunga kwa ajili yangu.

"Madaktari wa kule ni wazuri," akasema akinitazama kiuno. "Wamekurudishia mwili."

Akaleta mtori wa ndizi, mzito, wenye nyama iliyopondwa hadi haionekani, mtori ambao hupewa wanawake waliojifungua na watu waliotoka hospitali. Nikala. Ningefanya nini? Kila kijiko kilikuwa kinashuka kama udongo, naye amesimama pembeni akihesabu kwa macho.

"Sasa lile shauri letu," akasema. "Nilimuuliza karani. Ameniambia hata kama tumechelewa, ikiwa wakili alikuwa mgonjwa kweli, wanaweza kutufungulia. Wanataka vyeti vya hospitali tu. Ndiyo maana sikuhangaika, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri wewe na vyeti vyako."

Niliweka kijiko chini.

Nilimwambia yote. Sikuyapamba, nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilimwambia sikuumwa tumbo wala presha, kwamba nilikuwa Engutoto naongea na wazungu kwenye kompyuta, na kwamba nilikuwa nawasimulia habari zake.

Nje kuku walikuwa wanaparua kahawa aliyoianika, na mama hakutoka kuwafukuza.

"Wakakupa hiyo nafasi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa habari zangu."

"Ndiyo."

Akavuta pumzi. "Basi andika ulikuwa mgonjwa. Daktari wa kukupa karatasi hutamkosa, wewe ni msomi."

"Siwezi, mama. Ile ni hati ya kiapo. Nikidanganya kwenye kiapo nafutiwa uwakili."

"Ulidanganya kwa ajili yako," akasema, bila kupandisha sauti. "Mimi nakuomba udanganye mara moja kwa ajili yangu, unaogopa."

Nimesomea miezi tisa, nimebeba cheti chenye muhuri wa dhahabu, na mbele ya mama yule nilikuwa bubu. Alilichukua bakuli, likiwa na nusu ya mtori, akalirudisha jikoni. Hakunifukuza. Alisema tu, "Utachelewa kushuka."

Niliapa ukweli. Niliandika kwamba sikufika barazani kwa kuwa nilikuwa kwenye usaili wangu binafsi, na kwamba mteja wangu hakufika kwa kuwa nilimdanganya. Nilijipa moyo kwamba kosa si lake, baraza litaliona hilo. Mwenyekiti aliisoma hati yangu kwa sauti, polepole, hadi shemeji mtu akaziba mdomo kwa kofia asionekane anacheka. Kisha akasema uzembe wa wakili si sababu ya kutosha, akalitupa ombi letu la kulirudisha shauri. Yote yalikwisha kabla chai ya saa nne haijaletwa. Mistari mitatu ya migomba ikabaki upande wa pili, na nasikia sasa imekatwa, pamepandwa maparachichi.

Tulitoka pamoja na mama hadi getini. Nilimwambia nitakata rufaa, nitatafuta wakili mwingine mzuri, nitasimamia mwenyewe. Alinisikiliza huku akijifunga kitenge upya, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kukohoa. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Kule kwetu nimewaambia umepona," akasema. "Sikuwaambia mengine, nitaona aibu. Nimewaambia wasikuombee tena."

Nami, kwa mazoea, nikamjibu, "Asante, mama."