Alama Tatu za Kalamu ya Buluu

Dada yangu ameacha dawa za presha kwa sababu ya alama tatu nilizomwekea mimi mwenyewe, kwa kalamu ya buluu.

Nilikuwa nimejitolea kuandikisha wageni kwenye hema la maombi hapa Malaba, nyuma ya maegesho ya malori. Mwandiko wangu ni safi. Mhubiri alinipa maswali matatu ya kuuliza mlangoni. Wimbo ukikolea, unasahau ulipo? Umewahi kusikia ukiitwa, ukageuka usione mtu? Msiba wa watu usiowajua hukuliza? Kila ndiyo, alama moja. Nilidhani anataka kuwajua waumini wake.

Jumapili moja kabla ya ibada nilimpelekea daftari. Alikuwa akila samaki, ngege wa kukaanga, akapitisha kidole chenye mafuta juu ya majina ya watu.

"Huyu moja tu. Weka nyuma, karibu na jenereta. Huyo ni jiwe." Akatema mwiba. "Wa tatu tatu, mkeka wa mbele. Hao hata ukikohoa wanaona malaika. Wewe ulipata ngapi, bosi?"

"Sufuri."

"Ndiyo maana nikakupa kalamu!" Akacheka mpaka samaki akaonekana mdomoni.

Nikachukua daftari, nikarudi mlangoni. Mtu wa nne kwenye foleni alikuwa dada yangu, ameacha meza yake ya dagaa wa omena sokoni aje aombewe kichwa kinachomuuma. Majibu yake niliyajua kabla hajafungua mdomo. Utotoni ugali ulimuungulia akisikiliza mvua kwenye mabati. Mama alimwita mara tatu, hasikii. Ningeweza kuandika uongo. Niliandika ukweli, tena kwa unadhifu.

Kabla ya wimbo wa pili kwisha alikuwa chini, akilia kwamba anaona vimulimuli vya dhahabu. Mhubiri akamwambia macho ya rohoni yanafunguka, asiyazibe kwa vidonge. Muuguzi wa zahanati, nilipomweleza, alisema vimulimuli na kichwa kuuma huenda ni presha imepanda. Nimlete apimwe leo leo.

Nilimwambia dada yote, hata habari ya mwiba.

"Wewe ulipata sufuri," alinijibu kwa upole. "Utaonaje?"

Daftari nimelirudisha, sasa anaandika mwingine. Jana nilikagua kopo jipya la dawa zake: kifuniko hakijafunguliwa. Asubuhi hii amesema vimulimuli haviondoki tena, hata akifumba macho.