Masomo matatu kwa ajili ya Salma

Leo nimejua wivu wangu ulikuwa wa bure, na bado haujaisha.

Mama aliniambia Salma, binti wa mama mdogo, muhula huu wa mwisho anachukua biokemia, jenetiki na fizikia kwa mpigo, kabla hatuja-apply udaktari.

Roho iliniuma. Nikajiandikisha yote matatu.

Leo nimemkuta maktaba ya chuo chetu hapa mjini Richardson, macho yamemvimba kwa kusoma.

"Salma, nani alikutuma?"

"Mama. Alisema wewe umeyachukua, nikaona kijicho."

Kumbe mama zetu, dada wawili, walikuwa wanatambiana kwenye simu kwa masomo ambayo hakuna aliyekuwa ameyachukua.

Kesho ndiyo mwisho wa ku-drop somo. Tumekaa na kompyuta wazi, kila mmoja anamngoja mwenzake aache kwanza.

Niambieni, nani aanze?

Msiseme mimi.