Aliyewatazama Kondoo

Juzi pale Mayfair, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, nilikuwa kwa fundi cherehani Mkongo, namsubiri anipunguzie suruali. Akaingia bibi mmoja wa Tanga, ametoka Uingereza kumwona bintiye aliyeolewa katika kijiji cha huko.

"Mama, uliona nini kule?" fundi akauliza.

Bibi akavuta ushungi mpaka puani. "Mkwe wangu Mzungu alinipeleka kuona fahari ya kijiji chao. Jitu limechorwa kwa chokaa, kilima kizima, rungu mkononi, uchi wa mnyama! Mimi na mkwe bega kwa bega, aibu gani hiyo? Nikageuka, nikatazama kondoo."

"Eish! Na yeye akasema nini?"

"Alinuna, akadhani nimedharau kwao. Eti, 'Mama, hili ni la kale sana.' Nikamwambia, 'Miaka yote hiyo mmekosa hata mtu wa kulishonea kaptura?'"

Fundi hakucheka. Alichukua chaki. "Na kiuno yake, mama, ni kubwa namna gani?"

"Toka hapa mlangoni mpaka kwenye robot," bibi akajibu papo hapo, akinyoosha kidole kwenye taa za barabarani. "Ila mapajani umwachie nafasi."

Hao kondoo, nadhani, hata rangi yao bibi haikumbuki.