Hapana ya Kwanza Niliiandika kwa Mkwe

Nianze na kosa langu mwenyewe. Wengine nitawafikia.

Mwaka uliofuata baada ya sensa, shirika moja lilikuja kijijini kwetu, huku milimani Kasulu, likawa linatafuta mtu mmoja kila kitongoji anayejua kusoma na kuandika vizuri. Kitongojini kwetu mwanamke mwenye cheti cha kidato cha nne nilikuwa mimi peke yangu. Cheti chenyewe kilikuwa kwenye sanduku chini ya vitenge vya harusi na tangu niolewe hakikuwahi kunisaidia hata kuchota maji. Kwa hiyo nilipoitwa nilikwenda mbio.

Tulifundishwa siku mbili katika darasa la shule ya msingi. Aliyetufundisha alikuwa afisa wa ustawi wa jamii, kijana aliyepangiwa kazi kwetu kutoka mkoa wa mbali, kila asubuhi anakuja na sweta mbili. Alitueleza kwamba tunakwenda kuuliza kaya zote kuhusu pombe: nani anapika, nani anakunywa, anaanza saa ngapi, anaanza na umri gani. Kisha akafunga mlango wa darasa.

"Ninyi tu ndio mnaambiwa hili," akasema. "Shirika litafungua sehemu moja ya kulelea watoto wadogo wakati wa kilimo. Moja. Vitongoji ni vinne. Karatasi zenu ndizo zitakazoonyesha shida iko wapi zaidi, na huko ndiko itakakokwenda. Msiwaambie watu. Wakijua, kila mmoja atasema kwake ndiko kubaya kuliko kote."

Mtu wa mbali angeuliza, pombe na kulea watoto vinahusiana nini. Sisi hatukuuliza. Kwetu mvua za kwanza zikianguka kila mwenye mikono anakwenda kulima, na mtoto mdogo anabaki na bibi. Bibi ana kazi zake, mtoto analia, na pombe ya ndizi iko ndani. Anachovya kidole, mtoto ananyonya. Akizoea kidole anapewa kikombe. Analala mpaka jioni, na bibi anasema huyu mtoto ana tabia nzuri.

Swali la sita liliandikwa hivi: Je, katika kaya hii yupo mtoto wa chini ya miaka mitano anayepewa pombe, hata kwa kuonjeshwa tu?

Nililisoma mara mbili. Binti yangu alikuwa na mwaka na miezi mitano, na mama mkwe alikuwa amekwisha kuhama kwenye kidole. Baba yake alikuwa Kibondo akifyatua matofali, anakuja mara moja kwa mwezi, na akija anamkuta mtoto kaoga. Mama mkwe nilikuwa nimemwambia mara moja tu, kwa upole, nikajibiwa: "Na huyo mumeo unafikiri alilelewa na nini?" Basi nikanyamaza. Sasa hapa kuna sehemu ya kumweka mtoto wangu asubuhi na kumchukua jioni, bila kugombana na mtu. Nilirudi nyumbani nikijua kabisa ninachokitaka.

Orodha ya kaya ilianzia juu kilimani, na nyumba ya juu ni ya baba mkwe.

Mstari wa kwanza wa fomu ni jina la mkuu wa kaya. Kwetu mke wa mtu halitamki jina la baba mkwe, hata akiwa anaungua. Mama mkwe alikuwa anapukuchua maharage, akaona nimekwama, akacheka.

"Andika, mwanangu. Kalamu haina mdomo."

Nikaandika nimefunga midomo. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, yeye baba mkwe yuko kwenye kiti na mrija wake, mtungi katikati ya miguu. Hivyo ndivyo alivyoonekana mdodosaji wa shirika: mwanamke aliyekaa chini, anaangalia vidole vya miguu vya mtu anayemhoji.

"Haya, karani. Tuulize."

"Kaya hii wanaokunywa pombe ni wangapi, baba?"

"Wote wenye midomo."

Mama mkwe akacheka tena, na mimi nikacheka. Tukaenda vizuri mpaka la tano. La sita nililisoma kwa sauti ndogo, nikitumaini litapita. Halikupita.

"Rudia," akasema baba mkwe.

Nikarudia.

Maharage yakaacha kudondoka kwenye ungo. Mama mkwe hakuniangalia. Alikuwa amembeba binti yangu mgongoni, amelala saa nne ya asubuhi, mdomo wazi, na mimi nilijua kwa nini amelala.

"Mtoto wa nyumba hii anapewa pombe?" Baba mkwe aliniuliza mimi, si mkewe. Alitaka kuona nitasema nini mbele yake. Nilitakiwa kusema ndiyo. Neno moja, na lilikuwa la kweli, na kila mtu pale mkekani alilijua.

"Hapana, baba," nikasema, na mkono ukaandika.

Nyumba ya pili ilikuwa ya jirani yangu, mwanamke mwenye maneno mengi niliyempenda. Hakuniacha hata nifungue karatasi.

"Kwanza kwa mkweo umeandika nini?"

"Siruhusiwi kusema."

"Basi umeandika hapana. Ungeandika ndiyo tungesikia kelele mpaka huku." Akajifuta mikono. "Na mimi niandikie hapana. Au unataka watoto wangu ndio wawe walevi wa kijiji, wa kwako malaika?"

Nikaandika. Nyumba ya tatu walikuwa wamekwisha sikia. Ya tano hawakusubiri swali, walisema hapana wakati bado ninawasalimu mwakeye. Kwa bibi mmoja, mjukuu alikuwa anaramba mwiko wa kukorogea pombe, na bibi ananijibu hapana huku akimpokonya mwiko, na mimi naandika hapana. Niliwakasirikia wote. Niliwaona waongo. Lakini kalamu nilikuwa nimeishika mimi, na mfano waliuchukua kwangu.

Jioni ile nilikuwa na nafasi ya kurudi kwa afisa. Alikuwa bado yupo shuleni, nilimwona akikusanya madaftari. Nikapita na fomu zangu kwenye mfuko wa rambo, nikijiambia zitachanganywa na nyingine, nani ataziona.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. Afisa alibandika ukutani karatasi kubwa yenye nguzo nne za rangi, kila kitongoji nguzo yake. Nguzo ya kitongoji cha barabarani ilikuwa ndefu mpaka ikagusa ukingo wa juu wa karatasi. Ya kwetu ilikuwa fupi kama kisiki. Watu wetu walipoelewa kwamba fupi maana yake hakuna walevi, wakaanza kupiga makofi. Baba mkwe alisimama kabisa. Mtu mmoja akawaambia wa barabarani, "Leteni watoto wenu kwetu tuwatie akili." Wa barabarani wakainamisha vichwa. Mdodosaji wao, mama wa watoto wanne, alitazama mbele tu. Baadaye niliambiwa kwamba fomu yake ya kwanza ilikuwa ya nyumba yake, na aliijaza ndiyo kutoka juu mpaka chini.

Afisa alingoja makofi yaishe. "Kwa hiyo," akasema, "sehemu ya kulelea watoto itafunguliwa barabarani, ambako takwimu zinaonyesha inahitajika zaidi."

Jirani yangu aligeuka taratibu akanitazama. "Kumbe hicho ndicho kilikuwa kinatafutwa?"

"Ndiyo."

"Na ulijua?"

Nikatazama nguzo yetu fupi ukutani. Hakunisemesha tena mpaka mahindi yalipotoa mbelewele.

Tulikatazwa kusema ili watu wasitie chumvi. Hakuna aliyefikiria kwamba wangeficha. Afisa ni mgeni, hakujua, lakini mimi nilijua toka darasani. Nilijua nitakaa mkekani mbele ya nani, na nilijua nitasema nini.

Nilimfuata afisa akiwa anafunga karatasi zake kwenye pikipiki. "Kaka, majibu ya kwetu si ya kweli."

"Alikusanya nani?"

"Mimi."

Aliacha kufunga kamba. "Dada yangu, mtendaji ameshasaini, nakala iko wilayani. Niende niseme nini? Kwamba kitongoji kinaomba kuhesabiwa kuwa cha walevi?"

"Mlimtuma mke wa mtu akawahoji wakwe zake," nikamwambia. "Mlitegemea nini? Mngeniweka barabarani na yule wa barabarani mkamleta kwetu, mngepata ukweli kabla ya saa sita."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Ni kweli," akasema. "Ungetuambia siku ya mafunzo, tungebadilishana. Niliuliza kama kuna mwenye tatizo."

Aliuliza kweli. Nilikuwa naogopa kunyang'anywa kazi.

Mvua zikaja, tukalima. Mwezi wa pili wa kilimo nilirudi kutoka shambani nikamkuta binti yangu bado amelala, na nilipomnyanyua kichwa kilianguka nyuma kama cha kuku aliyechinjwa. Nilikimbia naye bondeni mpaka zahanati, mama mkwe nyuma yangu, pekupeku, analia. Muuguzi alimweka kitandani, akamgonga miguu, akauliza, "Amepewa nini?"

Mama mkwe yuko mlangoni. Ninaapa nilitaka kusema. Kilichotoka kilikuwa, "Hapana. Hajapewa kitu."

Muuguzi aliinama akamnusa mtoto mdomoni, akainuka. "Mama," akasema, "mimi nina pua. Nijibu tena."

Basi nikasema. Nilisema pale, kwa sauti, mama mkwe anasikia, na hakuna kilichoanguka. Ukuta ulisimama. Mama mkwe alikaa chini sakafuni, akavuta kitenge akafunika uso. Mtoto alitiwa maji yenye sukari mshipani, akaamka, akalia, akaniomba uji. Kumbe neno lenyewe ni dogo hivyo, na niliwanyima watoto wa kilima kizima.

Wiki iliyofuata nilimbeba mwendo wa saa nzima mpaka barabarani. Sehemu yao ilikuwa nzuri: mkeka, sufuria kubwa ya uji, mama wawili wa zamu. Wale watoto walikuwa macho, wanakimbizana. Mama wa zamu alinipa pole, kisha akaniambia wamejaa na wameagizwa kupokea wa kitongoji chao.

"Tena ninyi wa juu," akasema, bila ubaya, "tuliambiwa hamna shida."

Nikarudi. Tangu siku hiyo nililima na mtoto mgongoni, na alipokuwa mzito nikamkalisha kwenye matuta chini ya mwavuli uliovunjika. Nililima nusu ya shamba, na mavuno yakawa nusu. Hasira niliyokuwa nayo ningeweza kulimia shamba lote. Niliwakasirikia wakwe, afisa, shirika lenye uwezo wa mkeka mmoja kwa vitongoji vinne. Nilikuwa na haki kwa kila mmoja wao, na nikimaliza kuwapanga bado mwisho wa mstari nabaki mimi.

Afisa aliahidi kwamba fomu zitarudiwa. Nikakaa tayari. Mwaka 2015 Warundi wakaingia kwa maelfu, magari ya shirika yote yakaenda kambini Nyarugusu, na afisa naye akaenda. Sikuwalaumu wakimbizi, wana watoto pia. Ila nilielewa kwamba hakuna atakayekuja kutuuliza tena.

Nilikuwa nimebaki na fomu moja isiyojazwa. Siku moja nilikaa kwenye mkeka uleule, nikaijaza mbele ya mama mkwe. Jina nikaliandika. La sita nikalisoma kwa sauti ya kawaida.

"Andika ndiyo," akasema. Alikuwa anapukuchua, hakuinua kichwa. "Siku hizi simpi. Lakini andika ndiyo."

Nikaandika. Jirani alikuwa anapita, nikamwita, akasoma, akasema kwake pia ndiyo, na kwa dada yake vilevile. Fomu ilikuwa ya kaya moja, nikawaandika pembeni.

Wakati huo ndizi za pombe zilikuwa zimefukuliwa shimoni, mbivu, harufu imejaa uani. Binti yangu alikuwa anacheza na magunzi. Harufu ilipomfikia aliacha magunzi, akaenda akasimama mbele ya bibi yake, akafumba macho, akafungua mdomo akangoja.

Mama mkwe alinitazama. Fomu bado iko mkononi mwangu, na sina wa kumpelekea.